Siku Niliporuhusiwa Kubeba Moto

Harufu ya makaa yanayoanza kushika moto, ule moshi mkali unaotangulia wekundu, hunirudisha moja kwa moja mtaani kwetu Nyakasanza, kiangazi nilipokuwa na miaka saba. Kila jioni watoto wa mtaa walipita mbele ya nyumba yetu wakienda kuomba moto. Unapeleka mfuniko wa kopo kwa jirani aliyekwisha kuwasha mbabula, jiko lake la makaa. Anakutilia makaa mawili matatu mekundu, nawe unarudi nayo nyumbani taratibu. Wote walibeba moto isipokuwa mimi. Dada yangu Dorika aliwahi kuungua mkono mzima kwa uji, na tangu siku hiyo mama hakutaka nisogelee hata majivu. Nilichekwa, jamani! "Weye iko mutoto wa kunyonya bado," waliniambia, nami nikaenda kulia kwa hasira nyuma ya choo.

Jioni moja nilimng'ang'ania mama mpaka akachoka. Mama Neema, jirani yetu wa ng'ambo ya njia, akamwambia, "Mama Dorika, umuache aende. Siye tuko hapa." Mama akanivua gauni la nailoni lisije likashika moto, akanifunga kitenge juu ya magoti, akaweka beseni la maji katikati ya njia. Kisha akaniambia, "Ikianguka, uache ianguke. Usidake."

Nikaenda kwa Mama Neema, nikatiliwa makaa, nikageuka nikijiona mtu mzima. Hatua chache kabla ya beseni, kaa moja likateleza. Nikalidaka. Mungu wangu, nilivyopiga kelele! Mama akanitumbukiza mkono ndani ya maji, akautazama: lengelenge moja. Nikajua ndiyo basi, sitabeba moto tena. Mama akaokota mfuniko, akanipa. "Rudia. Ulete ingine."

Siku hizi nakaa mtaa wa Lumumba, na mwanangu Yosua ana miaka saba. Naficha kiberiti juu ya kabati, simruhusu kuvuka barabara kwa sababu ya pikipiki, na najiita mama mzuri. Wiki iliyopita nilimuuliza mama aliwezaje kunirudisha kwenye moto siku ile. Akacheka.

"Nililia, mwanangu. Ulinipa mugongo, haukuona."

Jioni hiyo hiyo nilimwita Yosua awashe mbabula mwenyewe. Nilisimama nyuma yake, beseni la maji miguuni pangu.