Vyura wa Walpurga

Daktari Rühl alikuwa mtu mwema. Hapa kwetu milimani Thuringia alitutibu sisi na ng'ombe wetu bila kulalamika. Kitu kimoja tu kilimshinda kuvumilia: kudanganywa.

Basi Walpurga, mke wa Veit fundi mapipa, akaanza kutapika vyura. Vyura wazima, wanaruka! Tulijazana kwake na mikate myeusi na supu ya kabichi. Veit, ambaye kipigo chake majirani tulizoea kukisikia ukutani, akamwogopa mkewe ghafla. Akawa anamchotea maji!

Daktari aliumiza kichwa majira yote ya joto. Mwishowe akamlaza chura mmoja mezani kwa Walpurga, akampasua mbele yetu. Ndani mlikuwa na nzi, mbawa zake nzima.

"Haya, dada, na nzi huyu naye ulimmeza? Chura huyu kamla leo asubuhi, bwawani. Umemleta chini ya aproni."

Tulicheka mpaka machozi. Walpurga akamsogelea, nami nilikuwa karibu nikasikia.

"Hongera, Bwana Daktari. Tangu vyura waje sijapigwa. Sasa nitamtisha na nini?"

Daktari akasawijika.

Siku chache baadaye jicho la Walpurga lilikuwa limevimba na kufumba. Daktari akaingia karakanani kwa Veit, chura mkononi, jasho likimtoka.

"Nilikosea, Veit. Huyu katoka kwa mkeo sasa hivi, nimeona mwenyewe. Usimguse mkeo, tumbo lake ni gonjwa kweli."

Veit akampokea chura, akamgeuzageuza.

"We Daktari we! Si umetufundisha mwenyewe?"

Akachukua kisu chake cha kazi. Nzi alikuwemo.

Veit alicheka akatuita wote tuje kuona. Kisha akasema, "Kwangu usikanyage tena, mwongo mkubwa."

Theluji ilipoanza kuanguka, Walpurga akafa. Veit alisema ameteleza ngazini. Daktari alikuja bila kuitwa, akamfunua shingo, akatuonyesha alama za vidole.

"Ngazi haina vidole," alisema, analia. "Jamani, tazameni!"

Tulitazama. Kisha mzee wa kijiji akauliza, kwa upole kabisa, kama alama zile nazo hakuja nazo mfukoni. Wengine wakacheka. Tukamzika Walpurga, na Veit ndiye aliyetangulia mbele ya jeneza.