Nani Alikuwa Akiguna

Iko siku moja, mwanangu, ambayo sijaisahau mpaka leo, na wewe ndiye umenirudisha huko. Jana ulinieleza ukicheka kwamba huko chuoni kwenu msichana akisimama kuuliza swali, wavulana wanapiga miluzi mpaka anakaa. Nikakuuliza, na wewe je? Ukasema, "Mimi sipigi, nyanya. Mimi hunyamaza tu." Ukarudia chai yako. Haya, iweke hiyo chai chini unisikilize.

Ilikuwa miaka ya hamsini, enzi za mkoloni, huku kwetu Mbololo, juu ya Voi. Shule yetu ilikuwa ya kanisa, kuta za mawe, madirisha hayana vioo, na msimu wa baridi ukungu uliingia mpaka ndani, humwoni hata aliyekaa benchi la nyuma. Darasa la mwisho tulikuwa wasichana wawili tu, mimi na Saru, binti ya jirani yetu. Saru alikuwa mwepesi kichwani, we acha! Hesabu alizimaliza sisi tukiwa bado tunachonga penseli.

Sasa, kila mmoja wetu akisimama kujibu, mguno unaanza. Mmmmm. Sauti ya chini, ya midomo iliyofungwa, hujui inatoka upande gani. Unageuka kulia, iko kushoto. Unatazama nyuso, kila mtu ametulia, hakuna mdomo unaocheza. Mwalimu yuko mbele, ametugeuzia mgongo, anaandika ubaoni. Anauliza, "Nani huyo?" Kimya. Saru akifungua mdomo, mguno unarudi. Akikaa, unakoma.

Wavulana wakaeneza neno. Juu ya shule palikuwa na mwamba wenye pango, na humo ndani mafuvu ya wazee wetu yalipangwa zamani, kabla watu hawajaanza kuzikana kanisani. Wakasema wanaoguna ni wale wafu, hawataki mwanamke asome. Usicheke! Tulikuwa Wakristo wa kila Jumapili, lakini pango lile hatukulipita bila kukaza mwendo. Mimi mwenyewe jioni moja, nikirudi nyumbani peke yangu, niliusikia ule mguno. Hapakuwa na mvulana yeyote. Nilikuwa nakariri tu jibu langu la kesho kimoyomoyo, na mguno ukaja juu yake. Nilitimua mbio mpaka nikaangusha kitabu. Ulikuwa umeshahamia ndani yangu, lakini wakati ule ningejuaje?

Neno likamfikia baba yake Saru. Alifanya kazi kwenye shamba la mkonge huko chini, akipanda mlima mwisho wa wiki. Alikuwa mtu mpole, ila aliwaogopa wafu kuliko alivyomwogopa bwana wake mzungu. Akasema, "Wazee wamekataa. Ijumaa ijayo ikifika, Saru, shule basi." Na mtihani wa kuendelea mbele ulikuwa umekaribia. Saru hakulia. Alikaa akichambua maharagwe, mazuri na mabovu akayatia chungu kimoja.

Nyanya yake ndiye aliyewaka. Kesho yake asubuhi akatushika mikono sote wawili, akatupandisha mpaka mlangoni pa pango. Ukungu ulikuwa mzito, na ndani yake mafuvu yakaanza kuonekana, safu kwa safu, yakitutazama.

"Kaeni," akasema. "Someni kwa sauti."

Saru akaanza hesabu za kuzidisha, mimi nikasoma zaburi niliyoijua kwa moyo. Tulisoma mpaka koo zikakauka. Maji yalidondoka mwambani, basi, hakuna kingine.

"Mmesikia mguno?"

"Hapana, nyanya."

"Yule wa mwisho pale ni baba yangu. Alipokuwa hai hakunifunga mdomo hata siku moja. Leo amekufa ndio aanze? Mnamsingizia baba yangu! Anayeguna anapumua huyo. Nendeni mkamtafute."

Kisha akapiga funda la maji kutoka kibuyuni, akayapuliza nje, vile wazee wetu walivyofanya kutoa hasira kifuani. Akatupa na sisi tufanye hivyo. Alisema hasira ikikaa ndani itatuumiza bure, tuitoe kwanza ndipo tukaseme.

Ijumaa ikafika. Mwalimu akauliza swali, Saru akasimama. Mmmmm. Safari hii hakukaa wala hakujibu. Alitoka kwenye benchi akaanza kutembea, polepole, akiinama kwa kila mvulana, sikio karibu na mdomo wake. Nami nikainuka nikashika safu ya pili. Tukimkaribia mtu, ananyamaza. Benchi kwa benchi mguno ukapungua, mpaka wavulana wote wakawa kimya, wametoa macho. Na mguno bado unaendelea.

Nywele zilinisimama, mwanangu. Ulikuwa unatoka mbele. Mwalimu alikuwa ametupa mgongo, chaki mkononi, haandiki chochote.

"Mwalimu," Saru akasema, "ni wewe."

Ukakatika. Akageuka akitabasamu. "Ah, huo ni mzaha tu. Mbona mnakuwa wakali?"

"Mzaha huo umenitoa shule. Leo ni siku yangu ya mwisho."

Hakuna mvulana aliyelijua hilo. Kisha Mwakio, yule mrefu wa benchi la nyuma, akasimama. "Mwalimu alianza, sisi tukafuata. Mimi niliguna ili nisiguniwe." Mwingine akajitetea kwamba yeye hakuguna kamwe, alinyamaza tu. Saru akamgeukia.

"Na mimi nikiwa nimesimama pale, ningejuaje kwamba wewe huguni?"

Mwalimu akatuamuru tukae, somo likaendelea. Hakuomba radhi siku ile wala baadaye, na mpaka alipohamishwa alitupita kama hatupo. Usidhani kila mtu hubadilika.

Lakini Jumamosi wavulana walikuja kwa kina Saru, Mwakio mbele. Baba yake alikuwa amefika tu kutoka bondeni. Mwakio akaanza kueleza, aibu ikamkaba. Basi wakafunga midomo, wakaguna wote. Ukungu ulikuwa umeshuka, na sauti ile ikajaa ua mzima, kuku wakakimbia. Nilimwona yule baba akishika nguzo ya nyumba.

"Ndiyo hiyo sauti, baba," Saru akasema.

Akawatazama mmoja mmoja, watoto wa majirani zake, visigino vimepasuka kwa baridi. "Hawa ndio wazee waliokataa?"

Akamgeukia Saru. "Jumatatu uamke mapema."

Basi mwanangu, ninalokuambia ni hili. Ukisikia ati mila imekataa, ati wanawake ndivyo walivyoumbwa, usikimbie na usiitikie. Sogea karibu usikilize ni nani anayepumua hapo, kisha umtaje, hata kama ndiye aliyeshika chaki. Na kunyamaza kwako usiniletee tena. Yule msichana wa chuoni hakuuona moyo wako, aliona ukumbi mzima umemkataa. Simama useme, "Wacheni amalize." Halafu mkae chini mzungumze, wavulana na wasichana, kila mtu atoe lililo kifuani.

Lete kichwa nikuwekee mkono. Mungu akupe sauti, na akupe ujasiri wa kuitoa watu wakiwa wengi. Na binti utakayemzaa asimame popote, aseme, asikilizwe mpaka mwisho.