Mtoto Asiyekosea Hatua

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Bi Taratibu, basi, kwa wakubwa na kwa watoto wanaoanza kutamka. Jina lenyewe alijitafutia kwa kelele zake. Kila Jumamosi jioni sauti yake ilivuka ukuta wa ua wake: "Taratibu, mama! Taratibu, baba! Hatumkimbizi mwizi hapa!" Wapita njia walijua kuna harusi inakuja, na Bi Taratibu yuko kazini na watoto wa maua.

Kazi yake hasa ilikuwa cherehani. Sebule yake ilijaa mapande ya kitambaa cheupe, nyuzi, na pini ambazo wageni walizikuta kwa makalio kabla ya kuziona kwa macho. Alishona magauni ya maharusi, lakini moyo wake ulikuwa kwenye vile vigauni na visuti vidogo vya watoto wanaotangulia mbele ya bibi harusi, wakimwaga petali na kubeba pete. Akishamvisha mtoto, alimfundisha na kutembea. Hilo hakuombwa na mtu. Alisema hawezi kushona kitu kisha akakiachia kiende ovyo.

Mafundisho yake yalikuwa mepesi. Mtoto hafuati zulia, mtoto hufuata mtu. Mbele kabisa, karibu na bwana harusi, Bi Taratibu alimsimamisha mtu anayependwa na mtoto huyo, awe shangazi, kaka, au hata yaya, akamwambia afungue mikono. Mtoto akimwona, hutembea. Wageni walidhani ni heshima ya harusi, kumbe mtoto anakwenda zake kukumbatiwa.

Na walikosea, watoto hao! Bi Taratibu alivunjika mbavu kila aliposimulia. Kuna aliyeketi katikati ya zulia akavua kiatu na kukung'uta mchanga, huku bibi harusi amesimama nyuma yake kama anasubiri zamu ya maji. Kuna aliyezila petali zote kabla ya kufika nusu ya ukumbi. Kuna aliyemwona bibi yake kwenye viti, akaenda kumkalia mapajani na hakutoka tena. Wenye harusi walinuna, yeye akawapuuza. "Mtoto anayekosea ni mzima," alisema. "Hana neno huyo. Mwacheni."

Ndivyo alivyoishi miaka yake, mjane asiye na mtoto wa kumzaa, mwenye watoto wa kila mtu. Aliye wake kweli alikuwa mmoja, binti wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu akiwa mdogo hadi akapata kazi ya mapokezi katika zahanati. Binti huyo naye alikuwa na mtoto wa kike wa miaka mitano. Baba wa mtoto aliaga kwenda kutafuta maisha, na inaelekea aliyapata, maana hakurudi. Mtoto huyo waliyemwita Chiriku alisema tangu anaamka hadi usingizi unapomkatia sentensi katikati.

Kisha binti wa kaka akapata mchumba, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mtu wa watu, ulimi wa asali. Hakupandisha sauti hata siku moja, alimpokea Bi Taratibu mizigo, alimwita "Shangazi yangu" kwa namna iliyowafanya majirani wamwonee wivu. Bi Taratibu naye alimsifu kila alikokwenda. Hilo lilikuja kumuuma baadaye, jinsi alivyomsifu.

Mchumba akawahamisha mama na mtoto, wakakae karibu na duka lake. Miezi ikapita kwa salamu za simu tu. Walipokuja kupima nguo za harusi, Chiriku aliingia sebuleni, akasalimu, akasimama penye mwanga na kuinua mikono kabla hajaambiwa. Hakuuliza, kama zamani, pini zinalala wapi. Utepe wa kupimia ulipopita kwapani, mahali palipokuwa pakimfanya ajikunje kwa kicheko, hakutingishika.

"Leo mdomo wako umeuacha wapi?" Bi Taratibu alimtania.

Chiriku alimtazama mama yake kwanza, ndipo akatabasamu kidogo.

"Amekua, Shangazi," mama mtu alijibu haraka. "Ana adabu siku hizi."

"Vizuri," Bi Taratibu alisema, akaendelea kupima. Lakini wageni walipoondoka, alikaa na utepe mkononi mpaka chai yake ikapoa.

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, walikwenda ukumbini kufanya mazoezi. Ulikuwa ukumbi mrefu wenye mapangaboi ya upepo yanayolalamika, viti vimefunikwa vitambaa, zulia jekundu limetandikwa katikati. Bi Taratibu alitaka kusimama mbele yeye mwenyewe, afungue mikono. Bwana harusi akacheka kwa upole.

"Hapana, Shangazi yangu. Mtoto aje kwangu. Mimi ndiye baba yake sasa, watu waone."

Nani angepinga maneno kama hayo? Bi Taratibu akarudi mlangoni, akampa Chiriku kikapu cha petali, akamsukuma kidogo mgongoni. "Taratibu, mama."

Chiriku akaenda mpaka katikati ya zulia, akasimama. Wakamrudisha, wakaanza upya. Akasimama palepale. Hakulia wala hakugoma. Miguu tu ilikataa, na kikapu kikatetemeka mpaka petali zikaanguka zenyewe. Mbele, bwana harusi bado alikuwa amefungua mikono. Tabasamu lake halikupungua hata kidogo.

"Nipeni nafasi kidogo," alisema. Akamshika mtoto mkono, wakaingia chumba cha nyuma kinachowekwa viti vibovu. Mlango ukafungwa.

Bi Taratibu alitega sikio. Kama angesikia kofi, angejua la kufanya. Kama angesikia karipio au kilio, miguu yake ingempeleka. Hakusikia chochote. Binti wa kaka yake alikuwa akikunja na kukunjua pembe ya shela, macho chini.

Mlango ukafunguka. Chiriku akarudi mwanzo wa zulia, akachukua kikapu, akatembea.

Alitembea vizuri kupita watoto wote waliowahi kupita mikononi mwa Bi Taratibu. Mgongo wima, kidevu juu, petali zikidondoka chache chache pande zote mbili. Nzi akatua karibu na jicho lake, akatambaa mpaka kwenye kope. Chiriku hakumfukuza. Alikwenda naye hivyo hivyo mpaka mbele, akainama, akasimama kando ya bwana harusi, mikono imeshikamana. Ndugu waliokuwepo wakapiga makofi na vigelegele. "Bi Taratibu, safari hii umetia fora!" mmoja akapaza sauti.

Miaka yote hiyo Bi Taratibu hakuwahi kuona mtoto asiyekosea kitu, na sasa kwa kuwa alimwona, aliogopa.

Jioni aliomba abaki na mtoto kidogo, akidai upindo wa gauni unahitaji kushikwa. Walikuwa wawili tu chooni pa ukumbi, yeye amepiga magoti na sindano mkononi.

"Alikuambia nini kule ndani, mama?"

Chiriku alitazama mlango. Kisha akainama, akasema sikioni mwake kwa sauti ndogo, kama anayekariri somo: "Nikikosea mimi, atakayelia ni mama."

Sindano ilimchoma Bi Taratibu kidoleni na hakuisikia. Alimfuata binti wa kaka yake nje, akamvuta nyuma ya jengo.

"Anakupiga?"

"Shangazi, usinianzie."

"Nakuuliza. Mtu huyu anakupiga?"

"Wageni wameshaalikwa. Nyumba niliyokuwa nimepanga nimeirudisha, kazi nimeacha, alisema niache. Nitakwenda wapi?"

"Kwangu! Utakwenda wapi tena zaidi ya kwangu?"

Binti alimtazama kama mtu anayeoneshwa maji ng'ambo ya mto uliofurika. "Anapajua kwako," alisema. Honi ya gari ililia mara moja, fupi, ya adabu, naye akakimbia. Alikimbia kweli, mtu mzima mwenye viatu virefu.

Siku ya harusi Bi Taratibu alivaa vizuri kama kawaida yake, akajikaza kisabuni, akasimama kando ya zulia karibu na katikati. Ukumbi ulifurika. Muziki ukaanza, milango ikafunguliwa, Chiriku akaingia, na nyuma yake mama yake katika gauni ambalo Bi Taratibu alilishona kwa furaha, na ambalo sasa alitamani alichane. Simu zilinyanyuliwa kila upande. Watu wakaguna kwa kupendezwa: mtoto mzuri, mtoto mwenye adabu, mtoto wa watu.

Alipofika katikati, kishikio cha kikapu kikachomoka. Kikapu kikapinduka, petali zote zikamwagika mahali pamoja, chungu nzima miguuni pake.

Mtoto yeyote mwingine angeangua kicheko, au angeketi azichezee. Chiriku alikauka. Kisha akageuka nyuma, pole pole, akamtazama mama yake. Midomo yake ilikuwa imepauka. Na mama, katikati ya wageni wote wale, alitikisa kichwa kidogo akimwambia si kitu, si kitu, huku machozi yameshamlenga. Mbele, bwana harusi alikuwa anatabasamu.

Bi Taratibu hakupanga alichofanya. Alijitupa kwenye zulia. Alijikwaa makusudi, mzimamzima, akaangukia zile petali kwa kishindo, kilemba upande huu na pochi upande ule, akapiga kelele: "Masikini mimi, nimempiga kumbo mtoto! Nimemwaga maua ya watu! Kosa langu, jamani, kosa langu!"

Ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko. Vijana wakamwinua, mmoja akamfuta vumbi, mwingine alikuwa bado anapiga picha. Mwanamke aliyefundisha watoto kutembea miaka yote alisimama pale bila kilemba, goti linavuja damu, akirudia kwa sauti kubwa kwamba kosa ni lake, mpaka akahakikisha neno hilo limefika mbele kabisa. Kisha akamsukuma Chiriku mgongoni. "Nenda, mama. Hujakosea wewe. Ni mimi."

Wakati wa picha, bwana harusi alimjia, akamwinamia kwa heshima mbele ya watu. "Shangazi yangu, umeshachoka sasa," alisema polepole. "Kuanzia leo tutakupumzisha. Usihangaike tena na mambo yetu." Alimpapasa bega. Mkono ulikaa pale muda mrefu kuliko inavyohitaji salamu.

Lakini kabla keki haijakatwa, bibi harusi alimwita Bi Taratibu amfungulie kifungo cha mgongoni. Kifungo hakikuwa na shida.

"Mtoto ana usingizi," binti alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Shangazi, mchukue alale kwako mpaka tutoke fungate." Kisha, huku akigeuza shingo kana kwamba anaangalia vifungo, akanong'ona: "Usimrudishe. Hata nikija mwenyewe kumdai, hata nikikutukana, usinipe. Umenisikia? Usinipe."

Bi Taratibu alimsikia. Alimbeba Chiriku, akatokea mlango wa jikoni.

Siku zilizofuata mtoto alianza kufunguka. Alimwaga pini, akavunja kikombe, akasubiri aone kitakachotokea. Kilipokosa kutokea, akavunja kingine. Bi Taratibu alinunua vikombe vya bati na kumshukuru Mungu.

Jumapili ya wiki iliyofuata, mchana, gari lilisimama mbele ya geti. Bwana harusi alishuka, akaegemea mlango wa gari, akampungia Bi Taratibu mkono kwa uchangamfu. Hakusogea. Aliyekuja getini ni binti wa kaka, amevaa miwani myeusi, amepaka poda nyingi upande mmoja wa uso.

"Nimekuja kumchukua mwanangu."

Bi Taratibu alishika vyuma vya geti. "Hatoki."

"Fungua, Shangazi."

"Nimesema hatoki."

Ndipo binti akaanza. Alimwita mchawi. Alimwita tasa, neno ambalo halikuwahi kutamkwa ndani ya nyumba ile. Alimwita mwizi wa watoto wa watu, akapiga geti kwa kiganja, akapaza sauti mpaka majirani wakatoka na sufuria mikononi. Na wakati wote huo, chini, kati ya vyuma, mahali asipoweza kuona mtu aliyeegemea gari, mkono wake wa pili ulikuwa umeshika vidole vya Bi Taratibu na kuviminya kwa nguvu zake zote.

"Basi, mke wangu," sauti ya upole iliita kutoka kwenye gari. "Usijichoshe. Twende nyumbani tukazungumze."

Mkono ukaachia. Bi Taratibu alitaka kuukamata tena, akafungua geti kwa papara, akakimbia barabarani akiita. Mlango wa gari ulikuwa umeshafungwa. Likaondoka polepole, likiwasha taa ya kukata kona kama gari la mtu mstaarabu.

Alirudi ndani akijipangusa uso kwa upindo wa kanga. Chiriku alikuwa nyuma ya pazia la sebule. Alikuwa amesimama wima, miguu pamoja, mikono imeshikamana mbele.

"Bibi," alisema. "Mama analia. Nimekosea wapi?"