Siri Niliyompelekea Haboba

Nilipokuwa msichana wa miaka tisa, tukiishi Makina pale Kibera, nilimpelekea mpiga ramli siri ya mamangu, na mpaka leo mama hajui.

Mpiga ramli mwenyewe alikuwa bibi wa Kinubi, jirani yetu. Wajukuu wake walimwita Haboba, yaani nyanya, na sisi wapangaji tuliotoka Magharibi mwa Kenya tukamwita hivyo hivyo. Alikuwa na simbi saba, zile kauri za baharini, ndani ya kikapu alichokisuka mwenyewe. Alizirusha juu ya mkeka, akaangalia zilivyolala, akamweleza mtu mambo yake. Wanawake walitoka kwake wakifuta machozi, na sikuwahi kusikia hata mmoja akimwita tapeli.

Wakati huo mama alikuwa amepata kazi ya nyumba Saudi. Hakuniambia. Nilimsikia tu akipanga na Anti, dadake aliyekuwa akiishi Gatina kule Kawangware, kwamba nitapelekwa kwa Anti eti kutembea, naye aondoke nikiwa huko. Ndivyo wazazi wengi wa kwetu walivyofanya, na wengine bado wanafanya. Machozi ya mtoto huifanya safari kuwa nzito, kwa hivyo mtoto anadanganywa. Niliingiwa na woga ambao sijausahau. Tumaini langu lilikuwa moja: mama alisema hapandi ndege kabla ya kumuuliza Haboba.

Basi nikamtangulia. Nilienda kwake baada ya shule, nimeshika mandazi yangu ya saa kumi.

"Haboba, mamangu akikuja, mwambie asiende Saudi."

"Na nani amekuambia mimi husema vile watoto wanataka?"

Nilimmwagia kila kitu ili simbi zisipate taabu. Pasipoti imefichwa chini ya unga, ndani ya mkebe. Mama analia akifua nguo. Kisha nikampa mandazi. Aliyala yote, akapangusa mikono, akaniambia nirudi nyumbani. Mimi nikajua tumeelewana.

Jumamosi mama alinishika mkono tukaenda. Niliketi mlangoni nikijifanya nacheza. Haboba alirusha simbi, akaziangalia muda mrefu kama mtu anayechagua mchele.

"Naona kitabu kidogo," akasema. "Kimelala chini ya kitu nyeupe."

Mama alijishika kifua. "Haki ya Mungu, Haboba! Hiyo hata dadangu hajui."

Nilifurahi nusura nipige makofi. Sasa nilingoja lile neno moja tu.

"Hizi simbi hazijui mambo ya ndege," Haboba akasema. "Kwenda ama kukaa, hiyo ni yako. Zinaona mtoto tu. Umemwambia?"

"Bado ni mdogo, Haboba. Atalia sana."

"Wacha alie ukiwa hapo."

Nilimchukia bibi yule. Niliona mandazi yangu yameliwa bure.

Tulipofika kwenye reli, mama alisimama, akachuchumaa mbele yangu, akaniambia yote: Saudi, miaka miwili, na kwamba nitakaa na Anti. Nililia, nikampiga ngumi kifuani, nikamwambia simpendi. Watu walipita wakitutazama. Hakuninyamazisha. Alingoja mpaka nikamaliza, ndipo akaniuliza nataka kujua nini. Nilimuuliza kama huko kuna ugali. Alicheka huku analia.

Siku hizi naishi Kawangware, na watabiri hapa wamejaa tele. Kuna wa kusoma kiganja, kuna wa kuchungulia beseni la maji, na kuna wa nyota anayetaka tu umtumie tarehe ya kuzaliwa kwa simu. Mmoja alinishika mkono akaniambia nina adui karibu na nyumbani. Nani hana, na tunaishi ploti ya vyumba ishirini? Wanakuuliza, unajibu, halafu unashangaa wamejuaje. Siwaamini hata kidogo, nami nina sababu kuliko wengi, kwa maana niliwahi kuwa macho ya simbi.

Lakini Haboba namvulia kofia. Kwa siri nilizompa angeweza kumfunga mama Kibera, au kumsukuma aende, na mama angetii. Hakutaka kumwendesha mtu. Alidanganya kidogo, mama akaacha kunidanganya.

Mama alienda, na alirudi salama. Katika ploti ya Anti kulikuwa na msichana wa rika langu, Shiru, ambaye mamake alimwambia anaenda kumnunulia mkate, kumbe anaenda uwanja wa ndege. Kila lango lilipolia, Shiru aliacha mchezo akakimbia kuangalia ni nani. Nami nilimlilia mama usiku mwingi, sitajifanya shujaa. Lakini lango lilipolia niliendelea kuruka kamba, kwa sababu mimi niliagwa.