Taa Nyekundu ya Altare

Nilitoka Kamanyola kwa miguu, nimechoka kutangatanga, nikapata kazi ya kupiga lipu kanisani Bukavu. Padri aliahidi kuniajiri kabisa. Kwa sababu ya vumbi, alikuwa ameitoa Ekaristi kwenye sanduku lake altareni, akaihamishia kwa masista na kuzima taa nyekundu ya altare. Mimi Mprotestanti, nisiyejua maana ya taa hiyo, nikaiwasha, nione kona vizuri.

Wamama kutoka mtaa wa Kasha wakaingia, wakapiga magoti vumbini, mmoja akilia. Nikadhani wameguswa na lipu yangu. Nikawainamia kwa shukrani.

Padri akaingia. “Bamaman, munasali mbele ya sanduku tupu?”

“Tupu? Si taa inawaka, Padiri? Yesu iko wapi?”

“Nani aliwasha?”

Wote wakanigeukia, bado nimeinama. Jioni hiyo nikaihama Bukavu moja kwa moja.