Shikamoo kwa Mshiriki Namba Kumi na Saba

Watu wa Mpanda wakisikia neno maabara wanafikiria damu. Ndiyo maana miezi ile ya kwanza walitujia wamekunja mikono ya shati tayari, na mzee mmoja alikuja hajala tangu jana yake kwa sababu hospitali ilishamfundisha hivyo. Mimi ndiye niliyewaeleza, mmoja mmoja, kwamba hapa hatutoi damu, tunauliza maswali tu. Wengine waliniangalia kwa mashaka. Leo naona waliokuwa na mashaka walikuwa na akili kuliko sisi.

Jengo lililoitwa maabara lilikuwa la tawi la chuo kikuu: vyumba vitatu vya mahojiano, na mbele yake ukumbi mdogo wenye meza yangu na benchi refu la kusubiria. Watafiti wote walichangia vyumba hivyo. Kulikuwa na wa mbegu za mahindi, wa vikundi vya akina mama, wa uzazi, na kila mmoja aliamini nchi itasimama utafiti wake ukichelewa. Kila wiki waligombania vyumba kama kuku waliomwagiwa mtama. Ili kuwatuliza, mratibu akaagiza ratiba ibandikwe ukutani, juu ya benchi, yenye jina kamili la kila utafiti, chumba na saa. Nilimuuliza kama ni busara washiriki waione. Akasema imeandikwa kwa Kiingereza, nani ataisoma? Mtu mwenye shahada tatu, na aliamini kweli kwamba Mpanda nzima hakuna mwingine anayejua Kiingereza.

Mimi nimezaliwa Shanwe, hapahapa Mpanda, na niliajiriwa kwa sababu hiyo, eti watu wajisikie wamepokelewa na mtoto wa nyumbani. Siku hiyohiyo nikasainishwa karatasi inayosema nisimwite mshiriki kwa jina, nimwite kwa namba, na nisioneshe kwa namna yoyote kuwa namfahamu. Mambo hayo mawili hayakai nyumba moja. Lakini nilikuwa nimemaliza mwaka mzima bila kazi, nikasaini.

Jumatano chumba namba mbili kilikuwa cha wanawake wanaochomwa sindano ya uzazi wa mpango bila waume zao kujua. Zipo nyumba huku ambazo mke akigundulika kaficha jambo kama hilo anarudishwa kwao, na watoto wanabaki kwa baba. Wanawake wale walijua hatari hiyo kuliko mtafiti aliyeiandika. Walikubali kuja kwa sababu mstari wa kwanza wa fomu uliwaahidi kwamba hakuna atakayewajua.

Jumatano moja asubuhi benchi lilijaa wakulima wa utafiti wa mbegu. Kati yao alikuwepo mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwenye shamba lake Ilembo. Alipochoka kusubiri akaanza kuwatafsiria wenzake ile ratiba ya ukutani, mstari kwa mstari, kwa mbwembwe zote za darasani. Alipofika chumba namba mbili walicheka mpaka wakafuta machozi. Mmoja akasema basi leo tutawaona wenyewe. Ilinipasa nisimame palepale niing'oe ile karatasi. Nilitabasamu, nikaendelea kupanga fomu zangu.

Ndipo akaingia namba kumi na saba. Alikuwa amejitanda kanga mpaka puani, kama mtu anayeumwa jino, lakini mimi nilimjua kwa mwendo tu. Alikuwa mama mdogo wangu wa Shanwe. Hatuna damu moja, ila mama yangu alipolazwa muda mrefu hospitalini ni yeye aliyenibeba mgongoni, na sijawahi kumwita vingine. Baadaye aliolewa na mtu wa zile familia zilizohamia na ng'ombe kutoka kaskazini, wakajenga Ilembo.

Aliniona. Akainamisha macho, akabaki amesimama.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti. Yeye amesimama, anaangalia chini, hasemi kitu. Kwa malezi niliyopewa hiyo ina maana moja: mtu mzima ameumia kwamba nimemwona na sijamwamkia, na anajisemea moyoni kwamba huyu naye kasoma, sasa anaringa. Aibu ikanishika mwili mzima. Nikainuka, nikapiga goti kidogo kama nilivyofundishwa, na nikaongea kwa sauti ya kusikika ili ajue sijabadilika.

"Shikamoo mama mdogo. Za Ilembo? Baba mdogo na ng'ombe wake hawajambo?"

Hakuitika. Mwalimu akamtazama yeye, akatazama ratiba, akamtazama yeye tena, na hapo nikaelewa kwa nini alikuwa ameinamisha macho. Hata wakati huo ningeweza kudanganya. Ningeweza kumwambia kwamba washiriki wa mbegu wanakaa hapa kwenye benchi, kana kwamba naye ni mmoja wao. Wazo hilo lilinijia usiku, nikiwa kitandani. Asubuhi ile nilimwonesha mlango wa chumba namba mbili kwa mkono, kwa heshima zote, kama kazi ilivyotaka.

Jumapili yake alirudishwa. Watoto wanne walibaki Ilembo, wa mwisho akiwa ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza. Wazazi wake walishafariki, kwa hiyo kaka yake alimchukua akakae naye Ikola, ziwani.

Nilikwenda kwa mratibu nikajisema mwenyewe. Sikuficha kitu. Nilitaka nifokewe, nilitaka mtu mmoja katika jengo lile akasirike. Nikapewa fomu ya tukio nijaze. Mtafiti wa uzazi, aliyekuwa chuo mama, alipigiwa simu, akasikitika kidogo, kisha akasema angalau tumshukuru Mungu yule mama alikuwa ameshamaliza mahojiano, majibu yake yamepatikana kamili. Kwenye ripoti waliandika kwamba mshiriki mmoja alitambuliwa kwa bahati mbaya. Kisha likanunuliwa pazia la kugawa ukumbi, na watafiti wakalumbana wiki mbili liwekwe upande gani. Hakuna aliyeuliza watoto wanalala na nani. Niliwachukia wote, na mimi nikiwa wa kwanza.

Likizo ilipofika nikapanda basi la Ikola. Nilimkuta ufukweni anageuza dagaa juani, amekonda, mikono imebabuka. Alinipa ndoo nikalie, akanipa maji. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha, nikayatoa yote, na yeye aliendelea kugeuza dagaa wake mpaka nilipomaliza.

"Adabu yako imenitosha, mwanangu," akasema. "Wazee wanaongea sasa hivi, ili nirudi kwa watoto. Wenzetu kule Ilembo wanasema nyie wa chuo ndiyo mlionipeleka kwenye sindano. Wakiona unaniamkia tu, maneno yanaanza upya. Popote tutakapokutana, nipite. Fanya hunijui."

Nikasema nitafanya hivyo. Hakunisindikiza.

Bado nafanya kazi pale, maana sina pengine pa kwenda. Mwezi uliopita nilimsindikiza mama yangu sokoni Mpanda, tukamkuta mama mdogo amepanga dagaa wake chini, anauza. Pembeni yake, akichagua nyanya, alisimama wifi yake, dada wa mume, na pamoja naye yule mtoto wa mwisho. Kwa hiyo wazee walikuwa wamefika mahali. Walau alikuwa anaruhusiwa kumwona.

Mama yangu aliinama kumsalimia, wakashikana mikono na kuulizana habari. Mimi nilipita. Nilipita nimenyoosha shingo, nikasimama mbele kwenye vitenge kana kwamba nachagua rangi. Mama akaniita kwa nguvu, watu wakageuka. Akaniuliza kama sikumwona aliyenibeba mgongoni yeye mama akiwa hoi kitandani, na kama huko chuoni ndiko nilikofundishwa kupita wakubwa kama nguzo za umeme.

Karatasi niliyosaini inanikataza kusema, na hata isingenikataza, wifi alikuwa anasikiliza. Nikamwambia mama kwamba nina haraka. Macho yake yalijaa machozi. Akamgeukia mwenzake, akaanza kumwomba radhi kwa niaba yangu, akisema hajui alikosea wapi katika kunilea.

Mama mdogo alinitazama mara moja, kama mtu anavyomtazama mteja asiyenunua.

"Mwache, dada," akamwambia mama. "Hajui watu huyo."