Viatu vya Jemadari

Mtaa wetu umejaliwa mabingwa wa mifupa. Hawajasomea, lakini hilo halijawahi kuwazuia. Kliniki yao ni saluni ya wifi yangu: kioo kimoja, viti vitatu, na yeye mwenyewe, msusi mwenye vidole vyepesi na subira ambayo mimi sina.

Mwanawe alizaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani. Hospitali wakamnyoosha kwa plasta, wiki baada ya wiki, kisha wakampa viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma. Avivae kila anapolala mpaka afike miaka minne, la sivyo nyayo zitarudi zilikotoka. Tukamwita Jemadari, maana nani mwingine hulala na buti?

Mabingwa hawakuridhika. "Miguu si imeshanyooka? Unamfunga mtoto kama mbuzi!"

Bingwa mkuu alikuwa mama yangu mzazi. Mjukuu alilala chumbani kwake, na kwa huruma zake zisizo kifani alimvua viatu kila alipolia, akamvisha alfajiri kabla wifi hajaamka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Kwetu mkuu ndiye aliyekuwa hasikii, na guu likawa la mtoto. Mguu wa kushoto ukaanza kugeuka. Plasta tena. Jemadari akalia, wifi akalia naye. Mama akalaumu plasta ya kwanza, eti haikuwa na ubora.

Wiki iliyofuata akaja saluni kusukwa kwa ajili ya harusi. Alitaka nywele ndogondogo, zilizobana. Kichwa hakijafika hata nusu, machozi yakamlenga.

"Mwanangu, hebu fumua hizi za mbele nipumue kidogo."

"Nikifumua zitarudi kama zilivyokuwa, mama," wifi akasema, vidole vikiendelea. "Tutaanza upya."

"Lakini si zimeshakaa vizuri?"

"Zimekaa kwa sababu zimefungwa."

Jemadari alikuwa amelala mkekani na plasta yake. Mama alimtazama kwa muda mrefu, mpaka nikamwonea huruma, nami si mwepesi wa huruma.

"Ni mimi niliyekuwa namvua," akasema.

"Najua, mama. Inamisha kichwa."

Sasa plasta imetoka, viatu vimerudi, na Jemadari bado hulala kwa bibi yake. Akilia, mama humpakata na viatu vyake. Chuma kinamgonga mbavuni, naye analia pamoja na mjukuu, ila hamvui.